Kapu la Kupikia: Pudini ya Machungwa na Tangawizi kwa Moto Kidogo

Mazungumzo yetu ya leo yanahusu chakula, lakini pia yanahusu kuni, na yanahusu saa za mwanamke. Tutaeleza jinsi ya kupika pudini ya machungwa na tangawizi kwa mvuke, ndani ya kapu, wakati wewe mwenyewe uko baharini kwenye mwani. Nakuomba usome mpaka mwisho, maana kapu hili lina masharti yake, na mwenye kuyaruka masharti atatoa unga mbichi.

Kwanza, kwa nini tuzungumze habari hii?

Ndugu mkulima, kila mwaka masika yakimalizika na kipupwe kikiingia, machungwa hujaa. Ndijani na sehemu nyingine za Wilaya ya Kati hujaza magari, na soko la Mwanakwerekwe na la Kinyasini huwa rangi ya machungwa matupu. Bei huanguka. Yaliyobonyea kidogo njiani hayapati mnunuzi, nayo hutupwa. Hapa Matemwe ardhi yetu ni ya maweni, haina kina, kwa hiyo michungwa mikubwa si mingi. Lakini msimu huo hata sisi tunayapata kwa bei ndogo, na ndimu tunazo wenyewe, kwa kuwa mndimu huvumilia udongo huu wa mawe kuliko mchungwa.

Sasa tazama upande wa pili. Vichaka vilivyo nyuma ya kijiji vinatoka katika nyufa za mawe. Mti unaoota pale hukua polepole sana, kwa sababu udongo wake ni kiganja kimoja tu. Humo humo tunakata kuni za kupikia, tunakata za makaa, na wengine wanakata za kuchomea chokaa. Wazee wanakumbuka kuni zikiokotwa karibu na nyumba. Leo mama anakwenda mbali, au ananunua makaa kwa kopo. Na upande wa kusini yetu msitu wa Kiwengwa-Pongwe ni hifadhi, si mahali pa kuingia na panga.

Kwa hiyo nikikwambia, "Tengeneza pudini, uuze," utaniuliza, "Kwa kuni zipi, bwana shamba?" Swali hilo ni la haki. Pudini ya mvuke ikipikwa juu ya mafiga toka mwanzo mpaka mwisho inataka kiasi cha saa mbili za moto. Mkate wa kumimina nao unataka makaa chini na makaa juu. Faida yote ya chungwa la bei ndogo inaishia katika makaa.

Jibu la swali hilo ni kapu.

Kapu linafanya kazi namna gani?

Liweke neno hili moyoni: kapu halina moto wake. Kapu hutunza moto uliokwisha kuutengeneza. Sufuria ikichemka juu ya mafiga, maji yake yanafika nyuzi 100 za sentigredi. Hayawezi kupanda zaidi, hata ukiongeza kuni mara tatu. Kuni zote unazoongeza baada ya hapo zinalipia joto linalokimbia kwenye mbavu za sufuria na kwenye kifuniko. Basi badala ya kulipia joto linalokimbia, tulizuie lisikimbie.

Kuku akiatamia mayai hawashi moto. Hufunika kwa manyoya, na hewa iliyotulia katikati ya manyoya ndiyo inayozuia joto lisitoke. Kapu letu ni hivyo hivyo. Tunalijaza kitu chepesi, kikavu, chenye hewa ndani yake, kisha tunaitia sufuria inayochemka katikati na kuifunika gubigubi. Ndani mle chakula kinaendelea kuiva kwa saa kadhaa bila kuni hata moja.

Jambo hili si geni duniani. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, mwaka 1939 hadi 1945, kuni na makaa ya mawe vilipokuwa haba Uingereza, watu walihimizwa kupika kwa masanduku yaliyojazwa majani makavu. Kenya nako makapu ya namna hii yamefundishwa vijijini kwa miaka mingi, kwa kupikia maharage na githeri. Na mwenye umeme nyumbani siku hizi anaweza kununua chungu cha umeme kinachopika polepole. Kazi ni ile ile: joto la kiasi, kwa muda mrefu. Lakini chungu kile kinataka luku, na kapu linataka usumba tu.

Namna ya kutengeneza kapu

Chukua kapu kubwa la ukindu, au pakacha lililosukwa vizuri, au hata ndoo pana iliyopasuka. Liwe pana kiasi kwamba ukiweka sufuria yako katikati, inabaki nafasi ya upana wa kiganja kila upande, yaani kama sentimita 10. Chini nako iwe hivyo hivyo.

Jaza kimojawapo cha vitu hivi:

Usumba. Akina mama wa pwani wanaofukia makumbi kwa ajili ya kusokota kamba wanao tayari. Lakini usumba uliotoka pwani una chumvi, na chumvi huvuta unyevu wa hewani. Usuuze kwa maji baridi ya kisima, uuanike juani siku mbili mpaka ukauke kabisa.

Sufi. Hii ndiyo bora kuliko zote. Godoro lililochakaa lisitupwe.

Pumba za mpunga, au matambara yaliyokatwa vipande vipande.

Kimojawapo chochote kinafaa, ila kiwe kikavu. Kitu chenye maji hupitisha joto nje upesi, na kapu lako litakuwa kapu la kubebea samaki tu.

Tandika kanga kuukuu juu ya ujazo huo, ufanye shimo la ukubwa wa sufuria, kisha ushone kingo za kanga kwenye mdomo wa kapu ili ujazo usimwagike. Halafu shona mto wa kanga, uujaze sufi au usumba, unene wake kiganja kimoja. Mto huu ndio kifuniko. Joto hupanda juu. Kapu lisilo na mto ni nyumba isiyo na paa.

Vitu vya pudini

Kwa kopo au bakuli la chuma lenye ujazo wa lita moja na nusu, tayarisha vitu vifuatavyo. Kikombe tunachotumia ni kile cha robo lita.

Unga wa ngano vikombe 2.
Sukari robo tatu ya kikombe, na vijiko vikubwa 3 vya ziada kwa shira.
Samli, siagi au mafuta ya kula, nusu kikombe kasoro kidogo.
Mayai 3.
Machungwa 3. Danzi au chenza pia yafaa.
Tangawizi mbichi, kipande cha urefu wa kidole gumba viwili.
Tui zito vijiko vikubwa 2.
Baking pauda vijiko vidogo 2, chumvi kidogo, na iliki ukipenda.

Neno moja juu ya machungwa. Usingoje ganda liwe jekundu au la manjano. Chungwa la kwetu laweza kuwa limeiva na ganda lake bado ni la kijani, kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kulibadilisha rangi. Lipime kwa uzito wake mkononi: lililoiva lina maji, ni zito.

Neno jingine juu ya kopo. Kopo lililowahi kutiwa dawa ya wadudu, rangi au mafuta ya mashine lisitumike kamwe, hata ukiliosha mara saba. Hili si jambo la kujaribu.

Namna ya kuchanganya

Osha machungwa. Mawili kati yake yaparuze ganda kwa kibati chenye matundu, kile cha kuparuzia karoti. Chukua ile rangi ya juu tu. Humo ndimo mlimo mafuta yenye harufu. Ukifika kwenye weupe, simama, kwani weupe ule ni mchungu na uchungu wake hauondoki kwa sukari. Kisha yakamue upate robo kikombe ya maji ya chungwa.

Chungwa la tatu limenye, uondoe weupe wote, ulikate vipande vyembamba na kutoa kokwa. Vitie katika kisufuria pamoja na sukari ya shira na vijiko viwili vya maji, vichemke mpaka shira inate kidogo. Lipake kopo samli, umwage shira na vipande vyake chini ya kopo. Baadaye ukiipindua pudini, vitakuwa juu.

Tangawizi ioshe, ikwangue, iparuze au itwange katika kinu. Ikaange kidogo katika ile samli, dakika moja au mbili, mpaka harufu itoke. Usiiruke hatua hii, hasa ukitaka kutia maziwa ya ng'ombe badala ya tui. Tangawizi mbichi ina kitu kinachokatakata maziwa yakagandamana. Joto la samli hukiondolea nguvu.

Samli ikipoa, ipige pamoja na sukari. Tia mayai moja moja huku unapiga. Tia ganda lililoparuzwa. Unga, baking pauda na chumvi vichekeche pamoja, uvitie kidogo kidogo, ukipishana na tui. Mwisho kabisa tia maji ya chungwa, ukoroge mara chache tu.

Kwa nini mwisho? Ukali wa chungwa ukikutana na baking pauda, hewa huanza kutoka hapo hapo. Hewa hiyo ndiyo inayoumua pudini. Ukikoroga halafu ukaenda kuzungumza na jirani, hewa itakwisha, na pudini itakuwa nzito kama kokoto. Hivyo hakikisha moto umewaka na maji yanachemka kabla hujatia maji ya chungwa.

Mimina katika kopo. Lisijae, libaki wazi theluthi moja au zaidi, ili pudini ipate pa kupanda. Funika kwa karatasi iliyopakwa samli na jani la mgomba lililobabuliwa motoni, ufunge kwa kamba imara pembeni. Maji yasipate njia ya kuingia.

Moto, kisha kapu

Sufuria kubwa ya lita 6 au zaidi, yenye kifuniko kinachokaza, iwe juu ya mafiga na maji yanachemka. Weka ndani kisahani cha bati au kijiwe bapa, na juu yake kopo lako, lisiguse chini ya sufuria. Maji yafike nusu au theluthi mbili ya kopo. Maji mengi ndiyo ghala yako ya joto. Sufuria ndogo yenye maji kidogo hupoa upesi, hata kapu likiwa zuri namna gani.

Funika, na toka maji yanapoanza tena kuchemka kwa nguvu, hesabu dakika 45. Usifunue. Kila ukifunua unatoa joto bure.

Baada ya dakika 45, beba sufuria ingali inabubujika, uitie katika kapu mara moja. Kapu liwe karibu na mafiga, si uani wakati mafiga yako jikoni. Bonyeza mto juu yake, na juu ya mto weka mkeka uliokunjwa. Acha muda usiopungua saa tatu na usiozidi saa tano.

Sasa ewe dada unayelima mwani, tazama hesabu hii. Maji ya bamvua hapa kwetu hutoka sana kiasi cha saa nne asubuhi. Ukiwasha moto alfajiri, saa moja na nusu sufuria imekwisha ingia katika kapu. Unachukua kamba zako na vigingi vyako, unashuka pwani. Maji yanapojaa, unarudi. Saa sita kasoro robo unafungua kapu, pudini imeiva. Hakuna mtoto aliyeachwa kulinda moto, wala aliyezuiwa kwenda shule kwa sababu ya jiko. Toka kilimo cha mwani cha biashara kilipoanza Unguja mwaka 1989, wengi wa wakulima wake ni wanawake, na kazi mbili hizi, ya bahari na ya jiko, zimekuwa zikigombania saa zile zile. Kapu linazipatanisha.

Sharti la usalama

Hapa nakuomba tusitaniane. Pudini ina mayai na tui, navyo ni vitu vinavyoharibika upesi katika joto la kwetu. Ukifungua kapu, maji ya sufuria yawe moto kiasi kwamba huwezi kutia kidole. Yakiwa vuguvugu tu, ujue kapu halikutunza joto, na vijidudu vya maradhi hupenda sana uvuguvugu. Fanya hivi: ikiwa bado iko ndani ya muda wa saa zile, rudisha sufuria motoni, ichemke kwa nguvu nusu saa nyingine, uile au uiuze mara moja. Ikiwa imepoa kabisa na haukujua ilipoa saa ngapi, usimlishe mtu.

Choma pudini katikati kwa chelewa safi. Ikitoka kavu, imeiva. Ikitoka na uji, irudishe motoni.

Iache itulie dakika 10, uipindue katika sahani. Pudini yenye tui iliwe au iuzwe siku hiyo hiyo. Usiifungie moto moto katika mfuko wa plastiki, maana itatoa jasho na kuchacha.

Hesabu ya biashara

Matemwe ina mahoteli, ina wafanyakazi wanaotoka kazini na njaa, ina walimu, ina wajenzi. Wateja wapo. Lakini usiuze kwa kukisia. Chukua daftari la mtoto, andika kila kitu ulichonunua: unga, sukari, samli, mayai, machungwa, baking pauda, makaa. Ndimu na nazi za shambani mwako nazo ziandike kwa bei ambayo ungeziuza. Jumlisha, ugawe kwa idadi ya vipande. Kwa mfano tu wa hesabu, ukitumia shilingi 6,000 na ukapata vipande 12, kila kipande kimekugharimu 500. Ukikiuza 500 umefanya kazi bure. Fanya hesabu hiyo mara moja ukipika kwa mafiga mpaka mwisho, na mara nyingine ukitumia kapu, uone makaa yalikuwa yanakula kiasi gani. Moto wa saa mbili umekuwa wa dakika 45. Tofauti hiyo ni yako.

Tangawizi yako mwenyewe

Tangawizi haina haja ya kununuliwa kila siku. Ardhi ya maweni haiitoshi, kwani inataka udongo laini wenye kina, lakini polo la unga lililokwisha tumika linatosha. Lijaze udongo mwepesi uliochanganywa na samadi iliyooza vizuri, ulitoboe chini maji yasituame. Mwanzoni mwa masika, kata tangawizi vipande vya kidole gumba, kila kipande kiwe na macho mawili. Acha vikauke mahali palipo kavu siku moja au mbili, halafu uvipande kina cha sentimita 5. Weka polo penye kivuli chepesi, chini ya mgomba au mndimu. Maji ya kisima yenye chumvichumvi yataiua. Tumia maji ya mvua au ya bomba. Baada ya miezi 8 hadi 10, majani yakigeuka manjano, chimbua. Bakiza vipande vizuri kwa mbegu.

Kapu si la pudini peke yake

Ukishakuwa na kapu, litumie kila siku. Kunde na choroko zilizorowekwa usiku kucha zichemshe kwa nguvu dakika 15 au 20, kisha uzitie katika kapu mpaka zilainike. Maharage mekundu lazima yachemke kwa nguvu si chini ya dakika 10 kabla ya kuingia katika kapu, maana mabichi yana sumu ambayo joto la polepole haliiondoi. Wali nao huiva humo vizuri bila kuungua.

Ndugu mkulima, tufupishe. Kapu liwe kavu na lijae. Sufuria iwe kubwa na iingie ikibubujika. Muda uwe saa tatu hadi tano. Maji yawe ya kuunguza unapofungua. Ukiyashika manne haya, kichaka kilicho nyuma ya nyumba yako kitapata nafasi ya kuchipua, na wewe utapata kitu cha kuuza jioni bila kuikosa bahari asubuhi.

Anza wiki hii kwa kuanika usumba. Jirani asiye na kapu mwonyeshe lako.